Maswali Yenu: Chuo cha Mlimani Kilichocheza Mechi Tano kwa Siku Sita

Wadau, salama? Kuna kavideo kanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu, kuanzia Mtwara mjini mpaka Ruangwa, kanasema mwaka 1899 kuna timu ya chuo kule Marekani ilicheza mechi tano ndani ya siku sita, zote mbali na kwao, ikashinda zote na haikufungwa ata pointi moja. Basi meseji zenu karibu zote ni za hiyo timu, kwahiyo walioniuliza mambo ya ndoa na ya malipo ya korosho wavumilie, zamu yao inakuja.

Kaka habari za kazi. Kijiweni kwetu tumegawanyika, mimi nasema ile video imetengenezwa na akili mnemba, wenzangu wanasema ni kweli. Timu zetu za ligi kuu zikicheza Jumatano na Jumamosi tu watu wanaanza kuchechemea, sasa hao walikuwa chuma? Tuamulie bana. (Mdau wa Chikongola, Mtwara)

Nzuri mdau, ila umepigwa. Ni kweli tupu, na hiyo sauti ya kwenye video ata haijasema yote.

Chuo chenyewe kinaitwa University of the South, kipo Sewanee, juu mlimani kwenye jimbo la Tennessee, ni chuo cha kanisa, hawa wenzao na Waanglikana wetu, na watu wamezoea kukiita Sewanee basi. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi na kugongana, sio hii yetu. Ratiba ilikuwa hivi: Alhamisi tarehe 9 Novemba 1899 wapo Austin, wakaipiga Texas 12-0. Ijumaa wapo Houston, Texas A&M akala 10-0. Jumamosi New Orleans, Tulane 23-0. Jumapili wakapumzika, chuo cha kanisa hicho usisahau. Jumatatu tarehe 13 wapo Baton Rouge, LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, akapigwa 34-0, alafu Jumanne Memphis wakamalizana na chuo cha Mississippi 12-0. Jumlisha mwenyewe, ni 91 kwa 0, na kati ya mechi na mechi walikuwa wanalala ndani ya treni.

Kwahiyo kama mliwekeana dau, lipa.

Mambo kaka. Mie mpira wa miguu naujua, tena namshinda mume wangu, ila hizo 12-0 na 34-0 zinanichanganya. Hayo ni magoli au nini? Na kama mtu anafunga 34 si ina maana wapinzani walikuwa wabovu? (Dada wa Mikindani)

Poa dada. Sio magoli, ni pointi. Enzi hizo ukiingia na mpira mpaka nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani, wao wanaita tachidauni, ulikuwa unapewa pointi 5, alafu unapewa nafasi ya kupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo, ukipita unaongezewa 1. Siku hizi tachidauni ni pointi 6 ila 1899 ilikuwa 5. Kwahiyo ile 12-0 ni sawa na kuingia mara mbili na mara zote mbili mguu ukakubali. Ukiiangalia hivyo 12 sio kipigo cha kuaibisha, ni mechi ngumu tu iliyoisha.

Sasa nikwambie walivyokuwa wanacheza maana hapa ndo pana utamu. Mnakuwa 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio matatu kusogea yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi, ukishindwa unampa mwenzio mpira (leo wanapewa majaribio manne kwa yadi 10). Kurusha mpira mbele kwa mkono, ile tunayoiona kwenye filamu jamaa anarusha mwenzie anaudaka mbali huko, ilikuwa marufuku, imekuja kuruhusiwa 1906. Sasa kama huwezi kurusha mbele unafanyaje? Mnajikusanya, mnamzunguka mwenye mpira, mnasukuma. Wale nao wanajikusanya wanasukuma kurudi. Rundo la watu linaanguka, refa anafukua kutafuta mpira uko chini ya nani, mnanyanyuka mnarudia tena, na kofia ngumu kama za leo hazikuwepo. Kwa sheria kila kipindi ni dakika 35 ingawa manahodha walikuwa wanaweza kukubaliana kupunguza, na mchezaji akitolewa ndo basi tena harudi, kwahiyo walioanza wengi wanajikaza wamalize hivyohivyo.

Kuna watu wameniandikia kwamba zamani ilikuwa rahisi kwa sababu mchezo haukuwa na kasi. Nawakatalia kabisa. Mchezo ule uliua vijana, na mwaka 1905 vifo vilizidi mpaka Rais Roosevelt akawaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu kuwaambia wausafishe, na ndo mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa ile pasi ya mbele ikakubaliwa ili watu waache kurundikana. Sasa wewe chukua hiyo kazi ya kurundikana uifanye Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, alafu Jumatatu na Jumanne.

Hilo la wapinzani kuwa wabovu kuna mwenzio wa Ruangwa kaliuliza vizuri zaidi, shuka chini.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Sisi huku treni tulikuwa nayo, ile ya mradi wa karanga, ikaja kung'olewa tukabaki na tuta. Nataka kujua hao vijana walisafiri umbali gani, na nani alikuwa analipa? Maana nimesimamia timu za shule miaka mingi na najua mechi hazichezwi kwa maombi. (Mwalimu, Nachingwea)

Shikamoo mwalimu. Hili ndo swali nililokuwa nalisubiria maana watu wote wanaangalia misuli tu.

Umbali kwanza. Wanahesabu kama maili 2,500 kwenda na kurudi, ni kilomita 4,000. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni kama 560, kwahiyo ni sawa na kwenda Dar na kurudi mara tatu na bado unaondoka tena mara ya nne. Wote kwa treni ya makaa ya mawe, kwenye behewa la kulala.

Sasa hela. Chuo kilikuwa kidogo, kipo mlimani, nani apande kule kwenda kulipa kiingilio? Mechi iliyokuwa inawaingizia pesa ya maana ilikuwa dhidi ya jirani zao Vanderbilt wa Nashville, na hao wakagombana nao kuhusu mgao wa mapato ya getini, mechi ya 1899 ikafa. Mwalimu hiyo stori si unaijua? Timu mbili za jirani, mashabiki wamejaa, hela imepatikana, alafu ugomvi unaanzia kwenye daftari la viingilio. Ipo mpaka leo kwenye ndondo zetu.

Meneja wa timu alikuwa mwanafunzi mwenzao, kijana anaitwa Luke Lea, ndo kwanza ana miaka 20. Pengo la Vanderbilt likawa mzigo wake. Akachukua karatasi na ratiba ya treni akaanza kuandikia vyuo vya kusini magharibi kimoja kimoja, tukija kwenu mtatupa nini. Akazipanga mechi zikafuatana kama vituo vya basi, kwa sababu kila siku mnayokaa bila kucheza ni siku ya kula bila kuingiza. Yaani zile siku sita hazikuanza kama ushujaa, zilianza kama hesabu za kubana matumizi! Mtu wa leo anaona rekodi, mimi naona kijana anaogopa deni.

Na alikuwa makini kwenye vitu vidogo. Alibeba mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao mlimani, wachezaji wasiguse maji ya ugenini. Watu wanacheka hiyo ila wewe mwalimu uliyesafirisha watoto hucheki, timu ngapi nzuri zimefika salama zikaangushwa na tumbo usiku wa kuamkia mechi. Lakini inasimuliwa pia kwamba treni ilishaondoka ndo ikagundulika viatu vya kuchezea vimebaki stesheni, njumu za timu nzima, ikabidi ipigwe telegramu vitumwe kwa treni ya nyuma viwafuate. Mapipa ya maji yapo viatu hakuna, hapo naona kabisa sura ya meneja.

Kuna mtu mwingine hatajwi sana. Vyuo vile miaka hiyo vilikuwa vya weupe tu, mweusi haingii darasani wala uwanjani, lakini aliyekuwa anawachua misuli safari nzima alikuwa mtu mweusi, Cal Burrows. Mechi tano kwa siku sita, wachezaji wenyewe kama ishirini tu, sasa piga picha usiku ndani ya lile behewa nani alikuwa halali. Kocha alikuwa Billy Suter aliyesoma Princeton, na nahodha Henry Seibels, huyu yupo kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo mpaka leo. Mimi ningempa Burrows nafasi yake pia lakini hawajaniuliza.

Broo nakukubali ila hapa sikubali. Mimi Namungo damu, najua timu ikipewa vibonde inaonekana bingwa. Hao walikutana na nani wa maana? Na nje ya hizo mechi tano msimu mzima ulikuaje? (Kijana wa Ruangwa, Lindi)

Swali la kiutu uzima hilo. Msimu mzima mechi 12, wameshinda 12, wamefunga 322 wamefungwa 10. Na vibonde walikuwepo ndio, kuna Cumberland walipigwa 71-0, kuna chuo kingine cha kanisa kilikula 54-0, hizo usizihesabu sana. Tennessee 46-0 na Georgia Tech 32-0, hayo majina leo ni makubwa ila wakati ule zilikuwa timu changa. Alafu vigogo wa mchezo enzi hizo walikuwa kaskazini, Harvard, Yale na Princeton, na hao Sewanee hakukutana nao msimu ule. Kwahiyo anayekwambia ndo walikuwa bora Marekani nzima mwambie apunguze kidogo, ila bora wa kusini, hapo sina shida nae.

Ushahidi wangu sio zile mechi tano bwana mdogo, ni Auburn. Tarehe 30 Novemba, siku ya Shukrani ya Wamarekani, wakakutana na Auburn pale Montgomery, Alabama. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, yule ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo kila mwaka kule inaitwa kwa jina lake. Huyu alikuja na akili, timu yake inacheza harakaharaka, watu hawajajipanga mpira ushaanzishwa, na Sewanee kwa mara ya kwanza msimu mzima wakafungwa. Zile pointi 10 zote za msimu ni za Auburn peke yake! Ikaisha 11-10. Pointi moja. Heisman akakasirika akaenda kuwalalamikia waamuzi gazetini, kumbe ile ya kocha kutoka uwanjani na kumalizia kwa waandishi haijaanzia kwetu.

Sasa timu iliyoponea pointi moja, imechoka, kila mtu ana kidonda, ingetakiwa ikapumzike si ndio? Kesho kutwa yake, tarehe 2 Desemba, wapo Atlanta wanacheza na North Carolina. 5-0. Sio nyingi ila inatosha. Kwahiyo sawa, vibonde walikuwepo, lakini hizo mbili za mwisho hawakupewa na mtu.

Je walitoka sare ata moja? (Newala)

Hapana. 12 kwa 12.

Mjukuu wangu, hapa nyumbani wamenisomea hiyo habari, alafu mmoja akasema huyo meneja wao ndiye alienda kumkamata Kaiser wa Wajerumani. Ni Kaiser yupi? Yule yule wa kwetu au mwingine? (Mzee wa Lindi mjini)

Shikamoo babu. Yule yule. Wilhelm wa Pili, hakuna mwingine.

Angalia mambo yalivyo. Mwaka ule vijana wa Sewanee wanapanda treni, huku kwetu Boma la Mikindani lilikuwa na miaka minne tu tangu Wajerumani walijenge 1895, na bendera iliyokuwa inapepea pale na hapo Lindi ilikuwa ya huyo Kaiser. Miaka sita mbele Maji Maji ikawaka, Liwale, Masasi, unayajua babu kuliko mimi.

Luke Lea nae akakua, akaanzisha gazeti Nashville, akawa seneta kuanzia 1911 mpaka 1917, vita kuu ya kwanza akaenda Ufaransa akiwa kanali wa mizinga. Vita ikaisha, Kaiser akakimbilia Uholanzi, akahifadhiwa kwenye kasri la bwana mmoja mkubwa anaitwa Bentinck, mji wa Amerongen. Uholanzi haikuwemo vitani kwahiyo kisheria hakuna wa kumgusa. Januari 1919 Lea akachukua wanajeshi wenzake wachache na magari, wakavuka mpaka, wakafika getini usiku, wakaingia ndani kabisa wakaomba kuonana na Kaiser. Mpango ni wamshawishi au wamchukue, wampeleke kwa Wamarekani ahukumiwe. Wakaambiwa wasubiri. Mazungumzo yakavutwa weee, mara semeni kwanza mnamtaka kwa cheo gani, mara mmetumwa na nani, na huku nje askari wa Kiholanzi wanazidi kujaa. Lea kuona vile akaaga kistaarabu wakaondoka, ila mmoja wao akatoka na kibakuli cha kuwekea majivu ya sigara cha Kaiser mfukoni.

Kibakuli hicho ndo kilileta kesi kuliko Kaiser mwenyewe, Waholanzi wakalalamika, jeshi la Marekani likafanya uchunguzi, Lea akapewa karipio kwamba alichofanya hakikuwa na busara ata kidogo, yakaisha. Baadae miaka ya 30 aliingia matatizoni kwa kesi ya benki kule North Carolina mpaka akafungwa, lakini hiyo ni stori nyingine. Mimi nikimuangalia yule aliyeenda Amerongen namuona yule yule wa 1899, anapanga safari ambayo mtu mwenye akili zake angesema haiwezekani, tofauti safari hii viatu walikumbuka.

Babu usinichoke kwa utani.

Kaka mimi ni mwanachuo hapa Mtwara, nacheza mpira wa wavu na najitahidi darasani. Hicho chuo bado kipo? Kama kina historia hiyo mbona hatukisikii kama Texas na LSU? Na je mtu anaweza kupata ufadhili pale kupitia michezo? (Mwanachuo, Shangani)

Kipo mdogo wangu, na timu ipo, wanaitwa Tigers.

Kilichotokea ni kwamba wale waliopigwa 1899 walikua wakawa wakubwa, Sewanee wenyewe hawakukua. Texas na LSU ni vyuo vya serikali ya jimbo, wanafunzi maelfu kwa maelfu, viwanja vya kumeza mji mzima. Sewanee wakabaki na mlima wao na wanafunzi wachache. Mwaka 1932 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Southeastern Conference, ligi ambayo leo ni kati ya zinazotisha zaidi kwenye futiboli ya vyuo, na humo hawakushinda mechi ya ligi ata moja, walipoteza zote 37, wakajitoa 1940. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Alexander Guerry, hakutaka mambo ya kuwalipa wanafunzi ili wacheze mpira, akaona bora timu ya wanafunzi wa kweli. Wapo watakaosema ni sababu ya aliyeshindwa, mie naona alikuwa sahihi, chuo kidogo kikishindana kununua wachezaji na vyuo vya majimbo kinakufa njaa.

Sasa wanacheza daraja la tatu la vyuo, na daraja hilo haliruhusu kumlipia mtu ada kwa sababu ya mchezo. Kwahiyo kwa mpira wa wavu hapana. Misaada ya ada wanayotoa inaangalia matokeo ya darasani na uwezo wa nyumbani, pitia hapo, andaa vyeti vyako na mtihani wa Kiingereza mapema, na usimpe hela mtu yeyote anayekwambia anafahamiana na watu wa kule.